Mwongozo Kamili wa Kuiga Mtiririko wa Mto kwa Kompyuta: Mfano wa Ruaha Mkuu na Tambarare ya Usangu

Tangu kiangazi cha mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu wa kusini mwa Tanzania, ambao hapo awali ulitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kabla ya mvua kurudi. Mto huo ndio unaomwagilia mpunga wa Usangu, ndio unaowanywesha wanyama wa hifadhi, na ndio unaojaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu kabla ya kumwaga maji yake Rufiji. Kila kiangazi swali lilelile hurudi mikutanoni: maji yamekwenda wapi, na nani apunguze matumizi yake? Modeli ya kompyuta ni daftari la hesabu ya maji linaloweza kulijibu swali hilo kwa tarakimu, mradi limejazwa kwa uaminifu. Mwongozo huu unamwelekeza fundi, mwanafunzi au afisa wa maji namna ya kuijenga modeli ya aina hiyo, na unashikilia jambo moja kutoka mwanzo hadi mwisho: katika mito yetu, kinachoharibu hesabu za kiangazi ni maji yanayochotwa bila kuandikwa, zaidi ya udhaifu wowote wa programu.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuwasha kompyuta

Anayesema "nataka kuiga mto" bado hajasema anachotaka kujua. Swali linalofaa hutaja mahali, majira, kiasi na uamuzi unaosubiriwa. Kwa mfano: mabanio (vizuizi vinavyogeuza maji ya mto yaingie mifereji) ya Mto Mbarali, mmoja wa mito ya Usangu, yakipunguza uchotaji kwa theluthi moja kuanzia Agosti hadi Novemba, je, maji yataendelea kuvuka Ng'iriama, mahali yanapotokea Usangu, kwa siku ngapi zaidi? Swali hilo peke yake limekwisha kuamua mengi. Hesabu itakwenda siku kwa siku. Usahihi unaohitajika ni wa maji machache ya kiangazi kuliko wa mafuriko ya Machi. Na ardhioevu ya Ihefu, iliyo kati ya mabanio na Ng'iriama, haiwezi kuachwa nje. Mwenye kupanga uzalishaji wa umeme kwa mwaka mzima anaweza kuridhika na hesabu ya mwezi, ilhali mwenye kutoa tahadhari ya mafuriko anahitaji hesabu ya saa, pamoja na programu ya kufuatisha kina cha maji juu ya ardhi, kama vile HEC-RAS.

Hatua ya 2: Lijue bonde

Kidakio cha Usangu, yaani eneo lote ambalo mvua yake huishia katika mito hiyo, kina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 21,000. Milima ya Poroto na Kipengere upande wa kusini hupata mvua inayoweza kufikia milimita 1,500 kwa mwaka, na tambarare iliyo chini yake hupata karibu nusu ya hiyo. Mvua hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mito isiyokauka milimani ni michache: Ruaha Mkuu wenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera. Yote hushuka tambarare, hupita kwenye mabanio na majaruba, huingia Ihefu, kisha maji yanayobaki hutoka kwa mlango mmoja tu, juu ya kizingiti cha mwamba cha Ng'iriama. Mtu akiufahamu mpangilio huo, amekwisha kuchora nusu ya modeli.

Ramani ya kompyuta huanza na data ya mwinuko. Ile iliyopimwa kutoka angani Februari 2000, ijulikanayo kama SRTM, inapatikana bure kwa upana wa pikseli wa karibu mita 30, na programu ya QGIS, ambayo nayo ni ya bure, inaweza kuitumia kuchora mipaka ya vidakio na njia za mito. Milimani kazi hiyo hutoka vizuri. Tambarare ni jambo jingine: mahali ambapo ardhi inashuka kwa sentimita chache katika mita mia kadhaa, kosa dogo la mwinuko huupeleka mto upande usio wake. Kwa hiyo chora mito ya tambarare kwa mkono kutoka kwenye picha za satelaiti, uilazimishe programu kuifuata, kisha uende na ramani hiyo shambani ukaulize wenyeji kila mfereji unaelekea wapi. Gawanya kidakio katika vipande vinavyokomea kwenye vituo vya kupimia maji na kwenye mabanio makubwa, kwa sababu hapo ndipo hesabu itakapoulizwa.

Hatua ya 3: Kusanya data, na usiiamini kabla ya kuikagua

Mvua. Vipimo vya vituo vya ardhini ndivyo vya kuanzia, lakini vituo vya milimani ni vichache na vina miaka yenye mapengo. Data ya CHIRPS, inayochanganya picha za satelaiti na vipimo vya ardhini kwa pikseli za karibu kilomita 5, inaanzia mwaka 1981 na husaidia kuziba mapengo hayo. Ilinganishe kwanza na kila kituo ulicho nacho, mwezi kwa mwezi. Ikizidi au kupungua kwa kiwango kilekile kila mwaka, irekebishe kwa uwiano huo kabla ya kuitumia. Kuna kosa moja linalojificha hapa kwa miaka. Mvua ya kituo hupimwa saa 3 asubuhi, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yaliyomo kwenye kipimo ni ya jana. Siku ya satelaiti, inayofuata saa za Greenwich, huanza saa 9 usiku kwa saa zetu. Asiyezilinganisha tarehe hizo atauona mto ukifurika kabla mvua haijanyesha, naye atahangaika kubadilisha vigezo vya modeli, yaani tarakimu zinazoamua tabia yake, ambavyo havina kosa.

Uvukizi. Maji yanayopotea kutoka kwenye udongo, mimea na vidimbwi huhesabiwa kwa kanuni ya Penman na Monteith, ambayo shirika la FAO liliieleza kwa kina mwaka 1998. Inahitaji joto, unyevu wa hewa, upepo na mwanga wa jua. Mahali penye vipimo vya joto tu, kanuni ya Hargreaves inatosha kwa kuanzia.

Mtiririko. Msoma kituo huandika kina cha maji kwenye rula, wala haandiki mita za ujazo. Kina hugeuzwa kuwa mtiririko kwa mkunjo, yaani mstari wa grafu, uliotokana na vipimo vya moja kwa moja vilivyofanywa mtoni kwa vina mbalimbali. Mkunjo huo huzeeka: mafuriko makubwa huhamisha mchanga, na kina cha nusu mita kilichomaanisha kiasi fulani mwaka jana kikamaanisha kingine mwaka huu. Omba karatasi za vipimo vyenyewe, uziweke juu ya mkunjo unaotumika, na utazame hasa ncha mbili. Ncha ya juu mara nyingi imerefushwa kwa kukisia, kwa sababu hakuna mtu anayeingia mtoni wakati wa gharika. Ncha ya chini, ambayo ndiyo ya mgogoro wetu, huwa na vipimo vichache na kosa kubwa kwa asilimia.

Uchotaji. Hapa ndipo ninapomsihi msomaji atumie muda wake mwingi. Kibali cha kutumia maji huonyesha kiasi kinachoruhusiwa. Kiasi kinachoingia mfereji ni habari nyingine, na ipo mifereji isiyo na kibali chochote. Tembea ukingo wa mto ukipima kila banio. Pasipo na kifaa, tumia kitu kinachoelea: mfereji wenye upana wa mita 2 na kina cha nusu mita, ambamo tunda linaelea kwa mita 0.6 kwa sekunde, unabeba mita ya mraba 1 mara 0.6, na kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, unazidisha kwa 0.85, jibu ni mita za ujazo 0.51 kwa sekunde. Pima asubuhi, pima tena usiku, kwa sababu zamu hubadilika. Kisha hakiki kwa njia ya pili: hekta 1 ya majaruba inayotumia milimita 10 kwa siku huhitaji mita za ujazo 100 kwa siku, kwa hiyo hekta 1,000 huhitaji karibu mita za ujazo 1.16 kwa sekunde. Mfereji ukichukua mara tatu ya hesabu hiyo, tafuta mkia wake: maji yanayozidi yanarudi mtoni, yanakwenda kwa wakulima wa chini, au yanapotea porini, na kila jibu lina hesabu yake.

Hatua ya 4: Chagua modeli inayolingana na data yako

Modeli kubwa haifidii data ndogo. GR4J, iliyotungwa na watafiti wa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2003, ina vigezo 4 tu na hufanya kazi vizuri kwa kidakio cha mlimani chenye mvua na mtiririko wa kila siku. HEC-HMS, iliyotengenezwa na wahandisi wa jeshi la Marekani, ni ya bure na inafaa kwa kuunganisha vidakio vingi vidogo na mabwawa. SWAT hutumia udongo, mazao na mteremko, na inafaa swali linapohusu mabadiliko ya matumizi ya ardhi, ingawa wingi wa vigezo vyake humwezesha mtu asiye mwangalifu kupata jibu zuri kwa sababu zisizo sahihi.

WEAP, ya Taasisi ya Mazingira ya Stockholm, imejengwa kwa ajili ya ugawaji: kila mtumiaji hupewa namba ya kipaumbele, na leseni yake hutolewa bure kwa taasisi za serikali na za elimu katika nchi zinazoendelea. Kwa Tanzania jambo hilo lina maana ya kisheria, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kutunza mazingira, kisha shughuli nyingine. Mpangilio huo unaweza kuingizwa katika modeli kama ulivyo. Kwa swali letu la Mbarali ningetumia modeli ndogo kwa milima, na WEAP au lahajedwali kwa tambarare.

Hatua ya 5: Fanya hesabu ya siku moja kwa mkono

Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, fanya siku moja kwa kalamu. Chukua kidakio cha kufikirika cha kilomita za mraba 500 chenye matangi mawili, moja la udongo na moja la maji ya ardhini. Tangi la udongo hujaa kwa milimita 150, na leo lina 120. Mvua ni milimita 45, na uwezo wa hewa kunyonya maji ni milimita 4. Kwa kuwa udongo haujajaa, uvukizi halisi ni 4 mara 120 gawanya kwa 150, yaani 3.2. Salio ni 161.8, ziada ya 11.8 inatoka. Tuseme asilimia 40 ya ziada, yaani 4.7, inakimbia juu ya ardhi hadi mtoni, na 7.1 inazama. Tangi la ardhini lilikuwa na milimita 60, sasa lina 67.1, nalo linatoa asilimia 1.5 kwa siku, yaani milimita 1.0. Mto umepata milimita 5.7.

Kugeuza milimita kuwa mtiririko ni rahisi: milimita 1 juu ya kilomita ya mraba 1 ni mita za ujazo 1,000, na siku ina sekunde 86,400. Kwa kidakio chetu, milimita 1 kwa siku ni mita za ujazo 5.79 kwa sekunde, kwa hiyo mto unabeba takriban 33. Kati ya hizo, karibu 5.8 tu zinatoka ardhini, na hizo ndizo zitakazobaki mvua ikikata. Aliyefanya hesabu hii mara chache hatadanganywa kirahisi na jedwali la kompyuta lililokosea vipimo.

Hatua ya 6: Rekebisha vigezo, kisha hakiki

Acha mwaka wa kwanza wa hesabu upite bila kuutathmini, ili matangi yasahau viwango ulivyoyapa mwanzoni. Kisha badilisha vigezo hadi mtiririko wa modeli ukaribiane na uliopimwa. Kipimo kinachotumika sana ni cha Nash na Sutcliffe cha mwaka 1970: jibu la 1 ni ulinganifu kamili, 0 maana yake wastani wa mto ungetosha badala ya modeli, na chini ya 0 modeli ni mbaya kuliko wastani huo. Tahadhari ni kwamba kipimo hicho huzidisha makosa kwa makosa yenyewe, kwa hiyo mafuriko ya siku tano huwa na uzito kuliko kiangazi kizima. Modeli inaweza kupata 0.8 huku ikionyesha mita za ujazo 3 mahali ambapo mto una 1. Kwa swali la kiangazi, fanya hesabu hiyo juu ya logi za mtiririko, na uangalie pia jumla ya maji ya miezi ya Agosti hadi Novemba peke yake.

Kigezo kinachostahili uangalifu wa kwanza ni kasi ya kupungua kwa maji ya ardhini, nacho husomwa moja kwa moja kutoka kwenye data. Tafuta kipindi kisicho na mvua: mto ukiwa na mita za ujazo 6.0 tarehe 1 Juni na 3.8 tarehe 1 Julai, umepungua kwa karibu asilimia 1.5 kila siku. Tofauti inayoonekana ndogo hapa huamua kila kitu baadaye. Mto unaoanza na 5.8 na kupungua kwa asilimia 1.5 utabaki na takriban 1.3 baada ya siku 100. Ukipungua kwa asilimia 3 utabaki na chini ya 0.3. Sharti ni kwamba kituo kiwe juu ya mabanio yote. Ukisoma upungufu huo chini ya banio, unachopima ni kazi ya wakulima, na modeli itaiandika kana kwamba ni tabia ya mlima.

Kwa uhakiki, gawanya miaka yako sehemu mbili na usiiguse ya pili hadi umalize na ya kwanza. Mwanahaidrolojia Vít Klemeš alishauri mwaka 1986 kwamba modeli itakayotumika katika hali tofauti ijaribiwe katika hali tofauti: irekebishe kwa miaka ya mvua nyingi, kama msimu wa El Niño wa 1997/98, uijaribu kwa miaka mikavu. Mgawanyo wa Usangu uzingatie pia historia, kwa kuwa mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali, Kapunga na Madibira hayakuanza siku moja, na mwaka 2008 Ihefu iliingizwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Vigezo vya milima vinaweza kudumu miaka yote hiyo. Uchotaji wa tambarare lazima uandikwe kwa kila kipindi.

Hatua ya 7: Weka mabanio na ardhioevu katika hesabu

Kila banio liandikwe kwa kanuni tatu: linachukua kiasi gani mto ukiwa na maji mengi, linaacha kiasi gani mto ukipungua, na sehemu gani ya maji inarudi. Kanuni ya pili ndiyo inayosahaulika. Banio la mawe na magunia lililokingamishwa mto mzima halichukui kiasi maalumu. Linachukua karibu chote.

Ihefu nayo ni bwawa lisilo na lango. Maji yanaingia, yanatandaa, yanavukizwa, na yanatoka Ng'iriama endapo tu uso wa maji uko juu ya mwamba. Modeli inahitaji jedwali linaloonyesha, kwa kila kiwango cha maji, eneo lililofunikwa na kiasi kinachovuka mwamba. Eneo linaweza kupimwa kwenye picha za satelaiti za Landsat na Sentinel-2 za tarehe ambazo kiwango kilisomwa. Angalia uzito wa jambo hili: kilomita za mraba 100 za maji na matete zinazopoteza milimita 6 kwa siku hupoteza mita za ujazo 600,000 kila siku, karibu 7 kwa sekunde. Mpaka kinachoingia kifikie kiasi hicho, uso wa maji utaendelea kushuka, na ukifika chini ya mwamba mto wa hifadhini hukatika, hata kama Ihefu yenyewe bado ina maji. Ndiyo maana mto hukatika ghafla badala ya kufifia polepole.

Hatua ya 8: Jaribu mipango mbadala

Endesha kwanza modeli kama hali ilivyo, kisha badilisha jambo moja kwa kila jaribio. Turudi kwenye swali letu. Tuseme mabanio huchukua mita za ujazo 2.0 kwa sekunde na yakapunguza theluthi moja. Mto haupati 0.67 kamili, kwa sababu kama asilimia 30 ya maji ya mfereji ilikuwa ikirudi, faida halisi ni karibu 0.47. Kisha faida hiyo inaingia Ihefu, ambako sehemu yake inatandaa na kuvukizwa. Modeli itaonyesha kama siku za mtiririko Ng'iriama zinaongezeka kwa wiki kadhaa au hazionekani kabisa, na kwa kawaida inadhihirisha kwamba tarehe ya kuanza kupunguza ina uzito kuliko kiasi: kupunguza kidogo mapema, maji yakiwa bado juu ya mwamba, husaidia kuliko kufunga mabanio yote baada ya mto kukatika. Mkulima wa mpunga ambaye angelaumiwa Oktoba anastahili kuambiwa jambo hilo mwezi Juni.

Usitoe jibu moja. Endesha modeli kwa mamia ya seti za vigezo, uhifadhi zile zote zilizopita kipimo ulichokiweka, na useme matokeo kama masafa: siku 12 hadi 25, kwa mfano, badala ya siku 18.

Hatua ya 9: Peleka matokeo kwa wenye maji

Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji itahitaji mkunjo wa muda wa mtiririko, unaoonyesha kiasi kinachofikiwa au kuzidiwa kwa asilimia 95 ya siku, yaani karibu siku 347 za mwaka. Jumuiya ya watumia maji inahitaji kalenda: wiki gani banio lipi lifungwe, na alama gani kwenye rula iwe ishara. Waonyeshe kwanza hesabu ya mwaka wanaoukumbuka. Mzee atakayesema kwamba mwaka huo mto ulikatika kabla ya tarehe ya modeli anakupa kipimo cha bure. Kiandike na ukifanyie kazi.

Kila mwaka mvua zinapoanza, ongeza data mpya na ulinganishe kiangazi kilichopita na utabiri wako. Modeli ikionyesha maji mengi kuliko yaliyopimwa kwa viangazi viwili mfululizo, usiguse vigezo vya tangi la ardhini kabla ya kutazama picha za satelaiti za juu ya kituo, kisha utembee ukingo wa mto ukitafuta mfereji ambao haukuwapo ulipopima mara ya mwisho.